Kutoka na kichanga kwa mara ya kwanza: mbeleko, kigari au kiti cha gari?

Mtoto aliyezaliwa miezi ikiwa imetimia, anayenyonya vizuri na mwenye joto la kawaida hana haja ya kufungiwa ndani. Hewa ya nje yenyewe haimdhuru. Yanayomdhuru ni mengine: jua na joto, baridi na upepo, pumzi za watu waliobanana mahali pamoja, na mkao unaombana njia ya hewa. Hilo la mwisho ndilo linalosahaulika zaidi, na ndilo tunalolitumia hapa kupima kila namna ya kumbeba. Wepesi na uzuri wa chombo ni mambo ya baadaye. Kwanza uso wa mtoto uonekane, na kidevu chake kisilalie kifua.

Siku za mwanzo au baada ya wiki sita?

Kwa wazazi wengi swali hili limeshajibiwa na kliniki. Shirika la Afya Duniani (WHO) linapendekeza mama na mtoto waonwe na mhudumu wa afya ndani ya saa 24 za kwanza, kisha kati ya saa 48 na 72, kati ya siku ya 7 na ya 14, na tena katika wiki ya 6. Safari hizo haziahirishwi kwa hoja kwamba mtoto bado mchanga mno kutoka. Ubaya wake ni kwamba kliniki ndiko na wagonjwa wanakokwenda. Omba kupangwa miongoni mwa wa mwanzo asubuhi, subiri nje au karibu na dirisha lililo wazi, na ukisikia mtu anakohoa hama kiti bila kuona haya.

Matembezi ya hiari ni habari nyingine. Hapa kuna mambo mawili ambayo watu huyachanganya: kutoka nje, na kwenda kwenye watu. Kutoka nje mahali pa wazi penye kivuli, kwa dakika 15, hakuna siku maalumu. Ukiwa na nguvu na mtoto ni mzima, hata wiki ya kwanza inafaa. Kwenda kwenye watu, yaani ukumbi wa sherehe, duka lililojaa, nyumba ya ibada au basi la saa za msongamano, ni jambo la kusubiri. Sababu kubwa ni kifaduro, mafua na virusi vingine vya njia ya hewa. Chanjo ya kifaduro huanza wiki ya 6 katika nchi nyingi, wiki ya 8 katika nyingine, na dozi moja haijengi kinga kamili. Tena kwa mtoto wa wiki chache kifaduro kinaweza kuja bila ule mlio wa kikohozi unaojulikana: mtoto husita kupumua tu, akabadilika rangi. Kwa hiyo nje ni mapema, kwenye watu ni baadaye, angalau baada ya dozi ya kwanza. Na ukiweza kungoja ya pili, ngoja.

Aliyezaliwa kabla ya wiki ya 37 au akiwa chini ya kilo 2.5 hapimwi kwa kipimo hiki. Hupoteza joto upesi na huchoka kunyonya, hivyo siku yake ya kutoka hupangwa na waliomhudumia.

Hali ya mama nayo ina uzito wake, ingawa wageni huuliza habari za mtoto tu. Damu ya uzazi huendelea kwa wiki kadhaa, mara nyingi hadi wiki 6. Ikiwa ilikuwa imeanza kufifia na baada ya matembezi ikarudi kuwa nyekundu na nyingi, ulikwenda mbali mno. Siku inayofuata pumzika. Pedi ikilowa chapa ndani ya saa moja, hilo si la kupumzikia, ni la hospitali. Aliyejifungua kwa upasuaji asinyanyue kitu kizito kuliko mtoto wake katika wiki za mwanzo, na kitu hicho ni pamoja na kigari cha kukunjwa na kiti cha gari kikiwa na mtoto ndani. Hapo tu, nusu ya uchaguzi umeshafanyika.

Mbeleko ya kitambaa, mbele kifuani

Kwa matembezi ya miguu ya karibu, hili ndilo chaguo letu la kwanza, mradi mbeleko ifungwe vizuri. Mtoto husikia mapigo ya moyo, hupata joto la mwili wako, na watu hawamgusigusi ovyo kwa sababu kumgusa yeye ni kukugusa wewe. Mikono inabaki huru. Lakini ndicho chombo kinachodai ujuzi kuliko vyote, na kufunga vibaya hakupigi kelele.

Hatari yake iko hivi. Kichwa cha mtoto mchanga ni karibu robo ya urefu wake wote, shingo haina nguvu, na bomba la hewa ni jembamba na laini. Akijikunja kama herufi C, kidevu kikalalia kifua, bomba hilo hupinda na hewa hupungua. Hatalia. Anayekosa hewa kidogo kidogo husinzia zaidi, na mzazi hudhani kapata usingizi mnono. Mwaka 2010 Tume ya Usalama wa Bidhaa za Watumiaji ya Marekani (CPSC) ilitoa onyo kuhusu mbeleko za begani, hasa kwa watoto wa chini ya miezi 4, kwa sababu hiyohiyo. Zilizo mbaya zaidi ni zile zenye umbo la mfuko mrefu unaoning'inia nyongani, mtoto akizama ndani amelala kwa kujikunja. Hizo usitumie kabisa kwa kichanga.

Mkao salama ni wa wima, tumbo la mtoto likigusa kifua chako. Fuata hivi:

1. Mweke juu kiasi kwamba ukiinamisha shingo kidogo unaweza kumbusu utosini. Akiwa chini ya hapo, fungua upya.
2. Magoti yake yawe juu kuliko matako, mapaja yakiwa yametanuka kidogo, miguu ikifanya umbo la M. Kitambaa kishike kutoka nyuma ya goti moja hadi nyuma ya goti la pili. Miguu inayoning'inia imenyooka huelemea viungo vya nyonga, ambavyo bado ni laini.
3. Upindo wa juu wa kitambaa uishie shingoni, usawa wa masikio. Usifunike uso hata kwa muda mfupi.
4. Kati ya kidevu na kifua papite vidole vyako viwili vilivyolaliana.
5. Weka kiganja mgongoni mwake, bonyeza taratibu. Akisogea kuelekea kwako au mgongo ukinyooka, kitambaa kimelegea.

Kitambaa hulegea chenyewe unapotembea. Baada ya dakika 10 simama, kagua tena kidevu, kaza. Zile mbeleko ndefu za kitambaa kinachovutika, za mita 5 hivi, hulegea zaidi kuliko zilizofumwa kwa uzi usiovutika. Lazima zipite juu ya mtoto mikunjo yote mitatu, si mmoja. Za kufumwa ni ngumu kujifunza mwanzoni, ila zikikaa zimekaa. Zenye pete mbili begani hufungwa haraka na kukazwa kwa kuvuta mkia wa kitambaa, lakini uzito wote huwa upande mmoja, na mama mwenye mgongo unaouma atalijua hilo kabla ya nusu saa.

Jizoeze nyumbani kwanza, juu ya kitanda, mtoto akiwa ameshiba na ametulia. Kujifunzia mlangoni huku analia ni kutafuta fundo baya. Ukiinama, inama kwa magoti na shika kichwa chake kwa kiganja. Ukimnyonyesha akiwa ndani ya mbeleko, akimaliza mrudishe juu kwenye mkao wake. Wengi humwacha palepale chini, pua ikikandamizwa kwenye titi au nguo. Na usipike wala kunywa kitu cha moto ukiwa umembeba.

Kumbeba mgongoni hatukushauri kwa kichanga. Humwoni uso. Subiri shingo ikaze vizuri, kwa kawaida miezi 4 hadi 6. Kumbeba mbele akiangalia nje nako ni kwa umri huohuo.

Kibebeo chenye mikanda na vifungio

Ni ndugu wa mbeleko, na kanuni za kidevu, magoti na uso ni zilezile. Faida yake ni kwamba anayebeba hahitaji kujua kufunga: mikanda ina urefu wake, kifungio hubana kwa mlio, kazi imekwisha. Kwa hiyo kinafaa sana pale ambapo baba, bibi au mtu mwingine ndiye atakayembeba.

Kasoro yake ni saizi. Vingi vimetengenezwa kwa mtoto wa kuanzia kilo 3.2 au 3.5; soma lebo, kisha mpime mtoto, usikadirie kwa macho. Kichanga mdogo kwenye kibebeo kikubwa huzama, nguo ya mbele ikamfunika pua. Vingine vina mto wa ndani wa kumwinua. Kama kibebeo chako kinautaka, usiutupe kwa sababu ya joto, ngoja mtoto akue. Mkanda wa kiunoni hupita palepale kwenye mshono wa upasuaji. Upandishe juu ya tumbo, na ukiona bado unauma, mpe mwingine abebe.

Kigari cha kusukuma

Kigari kinachofaa kichanga ni kile kinacholala bapa kabisa, chenye kitanda kigumu kisicho na mto. Vile vyepesi vya kukunjwa, ambavyo kiti huegama nusu tu, ni vya mtoto anayekaribia kukaa. Ndani yake kichanga huteleza chini na kichwa huanguka mbele. Ukikiona dukani, legeza egemeo hadi mwisho na utazame kwa ubavu. Kama bado kuna pembe kati ya kiti na mgongo, si cha umri huu.

Kwa kulala bapa, kigari humpa mtoto njia ya hewa iliyonyooka kuliko vyombo vingine vyote. Hakimpi joto la mwili wako wakati wa hari, hakielemei mshono, na mizigo hukaa kwenye kikapu cha chini. Mama aliyepasuliwa, au siku ya joto kali, au safari itakayopita saa moja, kigari kinashinda. Kwenye ngazi, mashimo, mchanga na msongamano wa watu kinashindwa vibaya. Halafu mtoto akiwa kigarini kila mpita njia huona ni ruhusa kuinama na kumpumulia usoni, na barabarani huwa chini, karibu na usawa wa bomba za moshi za magari. Chagua njia ya ndani, hata ikiwa ndefu kidogo.

Makosa yanayojirudia ni matatu. La kwanza na kubwa: kufunika kigari chote kwa shuka au kanga ili jua lisimpate. Hewa haizunguki, joto la ndani hupanda upesi, na wewe humwoni. Tumia paa la kigari au mwavuli wa kubana pembeni, na pande ziachwe wazi. La pili: kutundika mkoba mzito kwenye mpini. Kigari husimama vizuri mtoto akiwemo. Ukimtoa tu kinapinduka, na siku mkoba ukizidi kinapinduka naye. La tatu: kutofunga breki kwa sababu "nasimama kidogo tu". Breki kila unaposimama, na kwenye mteremko ugwe wa mkononi uvaliwe kabla ya kuanza kushuka. Cha kukunjwa, kabla ya kumlaza, inua mpini juu na utikise. Kama kufuli haikuingia utaijua hapo.

Kiti cha gari

Hapa hakuna ulinganisho wa kweli. Ukisafiri kwa gari dogo, kichanga hukaa kwenye kiti chake kinachotazama nyuma. Kumpakata si mbadala: gari likigonga, hakuna mikono inayoweza kumzuia, na mkanda wa mtu mzima ukiwazunguka wote wawili humkandamiza mtoto kati ya mkanda na mwili wako. Kinachobaki kujua ni namna ya kukitumia, kwa sababu kiti kizuri kilichofungwa ovyo hupoteza sehemu kubwa ya kazi yake.

Kiwekwe kiti cha nyuma. Mbele hakiwekwi ikiwa mfuko wa hewa wa abiria unafanya kazi. Mfuko huo hufumuka kwa nguvu moja kwa moja kwenye mgongo wa kiti cha mtoto, karibu na kichwa chake. Kikishafungwa, kishike pale mkanda unapopita, ukitikise: kisisogee zaidi ya sentimita 2.5. Mteremko wake ufuate alama iliyochorwa ubavuni. Kikisimama sana kichwa cha mtoto huanguka mbele. Kikilala sana hakimkingi.

Mikanda ya mabegani itoke kwenye matundu yaliyo usawa wa mabega au chini yake kidogo. Ivute, kisha jaribu kuifinya begani kwa kidole gumba na cha shahada. Ukipata kikunjo cha mkanda, bado umelegea. Koti nene na blanketi havipiti chini ya mikanda: kwenye mgongano sufi hubonyea, nafasi inabaki, mtoto anachomoka. Mvue koti, mfunge, ndipo umfunike blanketi kwa juu. Gari likiwa limesimama juani, gusa kwanza kifungio cha chuma. Kimeshaunguza mapaja mengi.

Kiti hiki ni cha safari, si cha kulala. Mtoto ndani yake amekaa nusu wima, na kwa wiki za mwanzo ushauri unaotolewa na wataalamu wengi wa usalama wa watoto ni dakika 30 kwa mkupuo, huku saa 2 zikiwa ukomo hata kwa wakubwa zaidi. Safari ikiwa ndefu, simama, mtoe, mnyooshe, mnyonyeshe. Mtu mzima akae naye nyuma amtazame. Hapo ndipo vile viti vinavyopachikwa kwenye magurudumu vinapodanganya: ni rahisi mno kumhamisha kutoka garini hadi dukani hadi sebuleni bila kumwamsha, na dakika 30 zikawa saa 3. Ukimwacha ndani yake nje ya gari huku umelegeza mikanda ili apumue vizuri, umeongeza hatari. Mtoto huteleza chini na mkanda uliolegea hukutana na shingo. Kikiwekwa juu ya meza au kitanda, hupinduka.

Usikubali kiti ambacho hujui historia yake. Kilichowahi kuwa kwenye ajali kinaweza kuwa na ufa usioonekana, na plastiki ya viti hivi ina tarehe ya mwisho iliyochapwa chini au nyuma.

Na gari lenyewe: usimwache ndani hata ukienda kulipia kitu dirishani. Juani joto la ndani linaweza kupanda kwa nyuzi 10 hivi katika dakika 10.

Mikononi

Kwa hatua chache kutoka mlangoni hadi kivulini, mikono inatosha. Zaidi ya hapo huchosha, na anayejikwaa huku mikono yote miwili imeshika mtoto hana cha kujizuia nacho. Kwenye basi, panda na ushuke ukiwa na mbeleko, kisha ukae. Mbeleko si kinga ya ajali, ila ni afadhali kuliko kusimama umemkumbatia. Pikipiki haimo kwenye ulinganisho huu.

Kwa ufupi, kulingana na hali yako

| Hali | Kinachofaa | Cha kuangalia |
|---|---|---|
| Matembezi ya dakika 15 hadi 30, njia mbaya au yenye ngazi | Mbeleko au kibebeo, kifuani | Kidevu, kila dakika 10 |
| Mama amepasuliwa, yuko peke yake | Kigari kinacholala bapa | Asikinyanyue kwenye ngazi |
| Mama amepasuliwa, kuna msaidizi | Msaidizi abebe kwa kibebeo | Uzito wa chini kwenye lebo |
| Joto kali | Kigari, bila kukifunika | Shingo na kifua, kama vina jasho |
| Baridi na upepo | Mbeleko, koti la mbebaji juu yake | Koti lisifike usoni |
| Gari dogo | Kiti cha gari tu | Dakika 30, kisha mtoe |
| Foleni ya kliniki, saa 2 au zaidi | Kigari, au mbeleko kwa kupokezana | Mtoe, mnyonyeshe, mbadilishe |

Asubuhi au jioni?

Jua huwa kali zaidi kati ya saa 4 asubuhi na saa 10 jioni. Kabla na baada ya hapo pote panafaa, ila asubuhi tunaipendelea: mama ana nguvu, kliniki iko wazi likitokea la kutokea, na vichanga wengi huanza kulialia jioni. Mtoto wa chini ya miezi 6 hawekwi kwenye jua la moja kwa moja, na mafuta ya kukinga jua hayapakwi kwenye umri huu kama kuna kivuli na nguo nyepesi za kumfunika. Wanaomwanika mtoto juani ili kumtibu umanjano wanajisumbua: jua la uani si tiba yake, na umanjano ulioanza ndani ya saa 24 za kwanza au uliofika viganjani na nyayoni unahitaji hospitali siku hiyohiyo.

Kuhusu nguo, kosa la kuzidisha ni la kawaida kuliko la kupunguza. Kwenye baridi mvishe tabaka moja zaidi ya lako. Kwenye joto, sawa na wewe au pungufu. Mbeleko ihesabu kuwa tabaka moja. Mikono na miguu yake huwa ya baridi muda mwingi na haikwambii kitu. Ingiza vidole nyuma ya shingo au kifuani. Pakiwa na jasho, punguza. Pakiwa baridi, ongeza au mweke ngozi kwa ngozi ndani ya nguo yako. Ukiingia ndani ya jengo mvue kofia na blanketi hata kama ataamka.

Titi au chupa njiani

Kichanga hunyonya mara 8 hadi 12 kwa siku, yaani kila saa 2 au 3. Lakini muda huo huhesabiwa tangu kuanza kunyonya hadi kuanza tena. Toa dakika 30 za kunyonya, 10 za kumcheulisha na kubadili nepi, na nyingine za kujiandaa wewe. Unabaki na saa moja au moja na nusu ya kweli. Toka mara tu baada ya kunyonya, si wakati amelala usingizi wa mwisho kabla ya kunyonya, maana huo utakatika mkiwa mbali. Mara ya kwanza, dakika 15 hadi 30, kwenda na kurudi, zinatosha.

Anayenyonyesha ana mzigo mdogo: blauzi inayofunguka mbele na kitambaa chepesi. Maziwa ya kukamua hukaa saa 4 kwenye joto la chumba lisilozidi nyuzi 25. Kwenye hari zaidi yatie kwenye mfuko wenye barafu. Wa maziwa ya kopo ana kazi zaidi. Usibebe chupa iliyokwisha kukorogwa ikakaa ya vuguvugu mkobani, maana hapo ndipo vijidudu hustawi. Beba maji yaliyochemka ndani ya chupa ya chai inayofunga vizuri, na unga uliopimwa kwenye kikopo kikavu. Korogea palepale maji yakiwa bado na nyuzi 70 au zaidi, kwa sababu unga wenyewe si tasa, kisha poza chupa kwa maji ya baridi kwa nje na jaribu tone kwenye kifundo cha mkono. Kilichokorogwa kitumike ndani ya saa 2, na alichoanza kunywa akabakisha kimwagwe baada ya saa 1. Maji ya kunywa hapewi hata jua likiwaka. Akiwa na kiu, mnyonyeshe zaidi.

Mkobani: nepi moja kwa kila saa utakayokuwa nje na mbili za ziada, nguo za kubadili pea moja, vitambaa viwili, mfuko wa nguo chafu, dawa ya mikono yenye kileo cha asilimia 60 au zaidi, kadi ya kliniki, na blauzi yako ya akiba. Kama kitovu hakijadondoka, kunja ukingo wa nepi chini yake kabla ya kumtia kwenye mbeleko, kisisuguliwe.

Wanaotaka kumshika, wanawe kwanza kwa sabuni kwa sekunde 20; anayetaka kumgusa tu, amguse mguu badala ya mkono, kwa kuwa mkono huingia mdomoni. Kumbusu usoni usiruhusu. Mtu mwenye vidonda vya homa mdomoni anaweza kumwambukiza kichanga ugonjwa mzito sana kwa busu moja, na wala hataki ubaya.

Mkikatiza safari

Akilia, kagua kwa mpangilio: njaa, nepi, joto, mkao. Yasiposaidia, rudini, siku ipo nyingine. Lakini yapo ambayo hayarudishwi nyumbani bali hupelekwa moja kwa moja hospitali: kukataa kunyonya, kulegea na kutojisogeza mpaka asumbuliwe, degedege, kifua kinachozama ndani kila anapovuta pumzi, midomo au ulimi kuwa wa bluu, na joto la kwapani la nyuzi 38 au zaidi, au chini ya 35.5. Pumzi hesabu dakika nzima kwa kutazama saa, mtoto akiwa ametulia, kwa kuwa kichanga hupumua kwa vipindi na robo dakika hudanganya. Ukipata 60 au zaidi, hesabu tena, na ikirudia nendeni. Dawa ya kushusha homa usimpe kwanza ukasubiri uone. Kwa umri huu homa yenyewe ndiyo sababu ya kwenda, na mhudumu anahitaji kuikuta kama ilivyo.